Goma: Sikio la mtu mzima likitoa usaha, si jambo la kuvumilia

Katika kartie ya Mapendo, mjini Goma, si ajabu kumkuta mtu akizungusha ufunguo wa pikipiki ndani ya sikio, macho kafumba kwa raha. Wengine hutumia kijiti cha kiberiti, kifuniko cha biki au unyoya wa kuku. Sikio linawasha, basi linakunwa. Lakini mwasho huo unaweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa, na mkwaruzo wa ufunguo ndio unaoruhusu vijidudu kuingia.

Wengi husema magonjwa ya masikio ni ya watoto. Ni kweli watoto hushikwa zaidi, kwa sababu mfereji unaounganisha sikio na nyuma ya pua ni mfupi kwao. Ila mtoto hulia, mama anamkimbiza kituo cha afya. Mtu mzima hunyamaza na kwenda kazini.

Ugonjwa wa tundu la nje hutambulikana kwa urahisi. Ukivuta sikio, ukibonyeza kinyama kidogo cha mbele ya tundu au ukitafuna chakula, maumivu yanazidi. Huwapata sana wanaooga ziwani na kuacha maji ndani, na hao wa ufunguo.

Ule wa ndani zaidi kwa kawaida hufuata mafua. Sikio linaziba, linauma kwa kina, homa inapanda, usikivu unapungua. Halafu usiku mmoja usaha unatoka na maumivu yanatulia. Hapo wengi hufurahi wakidhani wamepona, kumbe ngoma ya sikio imepasuka. Mara nyingi tundu hilo hujifunga lenyewe baada ya wiki chache. Lisipojifunga, sikio linaweza kutoa usaha wenye harufu miezi na hata miaka, bila kuuma. Ndiyo maana watu hulizoea, huku usikivu ukipotea kidogo kidogo.

Goma ina sababu yake nyingine. Mlipuko wa bomu hupasua ngoma ya sikio hata kama mtu hakupata kidonda chochote. Aliyebaki na mlio masikioni, au asiyesikia vizuri tangu vita vya Januari 2025, anafaa kupimwa. Maji yakipita kwenye tundu hilo, ugonjwa hufuata.

Tabia ya kununua dawa za matone bila kuchunguzwa nayo ina hatari. Baadhi ya matone, kama yale ya gentamicin, yanaweza kuharibu sikio la ndani iwapo ngoma imetoboka. Mafuta yaliyopashwa na maji ya kitunguu pia hayafai. Kuangaliwa kwa taa ndogo ya masikio huchukua dakika chache tu.

Kuna dalili zisizosubiri kesho: uvimbe nyuma ya sikio, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu kikali, au homa pamoja na kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa. Ugonjwa unaweza kuwa umefika kwenye mfupa au unaelekea kwenye ubongo, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari ambaye sikio linamnyima usingizi kwa maumivu naye asichelewe.

Dalili moja husahaulika: sikio moja kuziba kwa wiki nyingi bila mafua, hasa kukiwa na uvimbe shingoni au damu puani. Daktari wa masikio, pua na koo, yule anayeitwa ORL, atatazama pia nyuma ya pua, kwani mara nyingine uvimbe wa kansa hujificha huko.

Wakati wa kungoja kupimwa, sikio libaki kavu. Ukioga, weka pamba iliyopakwa vazelini, kisha uitoe. Parasetamoli hupunguza maumivu. Nta iache: sikio huisukuma nje lenyewe.