Muhogo mtamu, muhogo mchungu: majina mawili, mmea mmoja



Mtu anayetumika katika kiwanda cha kutengenezea dhahabu anaijua sianidi. Anaona pipa lenye picha ya fuvu la kichwa, anavaa glavu na maski, wala hali chakula karibu nalo. Anafanya vizuri. Jioni anarudi nyumbani, ananawa mikono, anakaa mbele ya bugali ya muhogo. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba sumu ile ile ya kiwandani inaweza kuwa imemtangulia kufika sahanini?

Hatuandiki haya ili kumtisha mtu. Muhogo umewalea wazee wetu, na unaendelea kuwalea watoto wetu, hapa Bukavu kama vile Walungu, Kamituga na Mwenga. Tunataka kuondoa kosa moja tu, ambalo linasikika sokoni Kadutu na katika kila kambi. Watu wanasema: “Kuna mihogo ya namna mbili. Mtamu hauna sumu, mchungu una sumu. Mimi nimenunua mtamu, kwa hiyo sina taabu.” Msiwacheke. Hata mabwana wa elimu ya mimea waliwaza karibu hivyo kwa muda mrefu.

WALIPANGA, KISHA WAKAPANGUA

Wataalamu humpa kila mnyama na kila mmea majina mawili ya Kilatini. La kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1766 mtaalamu wa Austria aitwaye Crantz aliuita Manihot esculenta, maana yake muhogo wa kuliwa. Baadaye, mwaka 1827, mwenzake Pohl aliutenga katika sehemu mbili. Mchungu akauita Manihot utilissima, yaani wenye faida sana, na mtamu akaupa jina jingine. Wengine wakafuata wakauita mtamu Manihot dulcis, na neno dulcis maana yake ni tamu. Hivyo vitabu vingi vya kilimo vikafundisha kwamba hiyo ni mimea miwili mbalimbali, kama vile mtama na mahindi.

Lakini walipochunguza zaidi waliona mambo hayakubaliani. Maua ni yale yale, matunda ni yale yale. Mtamu na mchungu huzaliana bila shida. Na tena, kati ya ule mtamu kabisa na ule mchungu kabisa hakuna mpaka: kuna mihogo ya kila kadiri, kama ngazi yenye vidato vingi. Mwaka 1973 wataalamu Rogers na Appan walitoa kitabu kikubwa juu ya ukoo wote wa muhogo, na humo mtamu na mchungu wako chini ya jina moja, lile la kwanza la Crantz. Ndivyo inavyofundishwa hata leo. Mmea ni mmoja, wenye mbegu nyingi.

HIYO INATUHUSU NINI SISI?

Inatuhusu sana. Kama mtamu na mchungu ni mmea mmoja, basi hakuna ukuta kati ya wenye sumu na usio na sumu. Kila muhogo unayo. Katika ule tunaoita mtamu, sumu imekaa zaidi katika ganda, na ndani ni kidogo. Katika mchungu imeenea hadi ndani. Tena, fimbo ile ile ikipandwa mahali pengine, au mvua ikikosekana, muhogo wake unaweza kuzidi sumu kuliko mwaka uliopita. Mtu anayenunua unga sokoni haoni ganda, haoni shamba, wala hajui uliloweshwa siku ngapi. Jina alilopewa na muuzaji halimkingi.

Na sumu yenyewe inatendaje? Ndani ya muhogo kuna kitu kiitwacho linamarini. Muhogo unapopondwa au unapolainika majini, linamarini inakutana na chachu ya muhogo wenyewe, na hapo sianidi inatoka. Ikipata nafasi na wakati, inaondoka na maji au inapaa hewani. Ndiyo sababu wazee wetu walilowesha, wakaanika, wakatwanga. Hawakujua jina la linamarini, lakini kazi waliijua. Ubaya unakuja pale tunapofanya haraka.

MAMBO YALIYOTOKEA KARIBU NASI

Tutazame kwanza kisiwa cha Idjwi, humu katika ziwa letu la Kivu. Katika miaka ya 1960 waganga waliona watu wengi wa kaskazini ya kisiwa wana rovu, ule uvimbe wa shingo, kuliko wa kusini-magharibi. Chumvi ya iodini ilikosekana kisiwa kizima, basi kwa nini wa kaskazini waugue zaidi? Mwaka 1971 waganga Delange na Ermans walionyesha kwamba muhogo ulioliwa kaskazini ulizuia iodini isiingie vizuri katika tezi ya shingo.

Ugonjwa wa pili ni mkali zaidi. Unaitwa konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mganga Trolli aliuandika mwaka 1938, baada ya kuonekana Kwango, upande wa magharibi ya Kongo. Mtu analala mzima, na ghafula miguu yote miwili inakakamaa. Hauna dawa ya kuuponya, na miguu hairudi kama zamani. Unashika hasa watoto na mama wenye umri wa kuzaa. Msidhani Kwango ni mbali. Mwaka 2011 waganga wa hapa kwetu walitangaza kwamba konzo imeonekana Kivu ya Kusini pia, huko Burhinyi, katika wilaya ya Mwenga. Wakati wa vita na njaa watu hula muhogo mchungu kila siku, bila samaki wala maharagwe, na hawana nafasi ya kuulowesha siku za kutosha. Huo si uchawi wa jirani. Ni sumu iliyobaki katika chakula.

KANUNI ZA JIKONI

1. Menya muhogo wote, hata ule mtamu. Maganda yatupwe mbali na watoto na mbuzi.

2. Muhogo mchungu, au usioujua, usiuchemshe mzima ukadhani moto umemaliza kazi. Moto unaua ile chachu mapema, na linamarini inabaki ndani.

3. Lowesha siku tatu kamili, mpaka ulainike. Kwetu milimani kuna baridi, pengine siku tatu hazitoshi. Maji yake umwage, usimnyweshe mnyama.

4. Anika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo upeleke kwenye kinu.

5. Unga ulionunua bila kujua asili yake, uchanganye na maji, uutandaze uwe mwembamba juu ya mkeka, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha songa bugali siku ile ile. Mtindo huu ulivumbuliwa na mtaalamu Bradbury wa Australia. Kuanzia mwaka 2010 mama wa kijiji cha Kay Kalenda, wilaya ya Popokabaka, waliufuata, na konzo ikakoma kwao.

6. Sombe itwangwe vizuri, ichemke sana, chungu kikiwa wazi.

7. Bugali iwe na mwenzake: sambaza, ndagala, maharagwe au soya. Chakula hicho ndicho kinachoupa mwili nguvu ya kuvunja sumu. Na chumvi iwe yenye iodini.

Mtu akila muhogo, na baada ya saa chache akaumwa kichwa, akaona kizunguzungu, akatapika na kulegea, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitalini mara moja, na mwambieni mganga alikula nini. Mtoto ndiye wa kwanza kukimbizwa, maana mwili wake ni mdogo.

Baba wa nyumba, neno la mwisho ni lako. Mama akisema, “Muhogo haujalainika, tungoje hadi kesho,” usimkemee kwa sababu ya njaa. Wewe usingefungua pipa la sianidi bila glavu kwa sababu tu mkubwa wa kazi ana haraka. Basi heshimu na kanuni ya jikoni. Ganda la muhogo halina picha ya fuvu. Sisi wenyewe ndio tunaopaswa kukumbuka.