Upepo Ndani ya Dizeli: Jinsi ya Kuutoa Bila Mtu Kuumia

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi ya Sungura na Fisi. Nimeleta jambo nililojifunza kwa aibu huko kwetu Chawia, wakati wa likizo.

Mjomba wangu ana kinu cha kusaga unga. Ingawa stima imefika sehemu nyingi za Taita, kinu chake bado huendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya kuwashwa kwa hendeli. Asubuhi hiyo alinituma nikatazame tangi. Nikajibu, "Tayari, mjomba," kumbe hata kifuniko sikuwa nimekigusa. Mpira ulikuwa umenitia wazimu! Ilipofika saa nne, foleni ya akina mama ikiwa imefika barabarani, injini ilikohoa mara mbili tatu, ikazima. Tangi lilikuwa kavu kabisa.

Nikakimbia kuleta dizeli, nikajaza, nikazungusha hendeli mpaka mabega yakawaka moto. Wapi! Injini ilikuwa kama jiwe. "Imeingiza hewa hiyo," mjomba akasema. Nyanya mmoja aliyekuwa amepanda mlima na debe lake la mahindi aliketi chini, akashika tama. Chakula cha wajukuu wake kilikuwa ndani ya debe lile. Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze.

Je, upepo kidogo tu unawezaje kuishinda injini nzima? Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897, haina cheche. Pistoni hubana hewa ndani ya silinda mpaka joto lake hupita digrii 500 za sentigredi. Dizeli ikirushwa humo hushika moto yenyewe. Lakini ili nozeli ifunguke na kuirusha, pampu lazima isukume dizeli kwa presha inayoizidi ile ya hewa ya kawaida zaidi ya mara 100.

Sasa chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini. Utaingia, kwa sababu hewa hubanika. Ijaze maji, uzibe tena, usukume. Mpini utagoma. Dizeli ni kama hayo maji: ukiisukuma huku, inasukuma kule. Upepo ukiwa ndani ya bomba, pampu hufanya kazi ya bure ya kuubana na kuuachia, na nozeli haifunguki ng'o.

Mjomba aliniita karibu, akanionyesha hatua kwa hatua.

Kwanza, alingoja injini ipoe, akavua mkanda wa kinu na kuwaondoa watoto. Hakuna sigara, hakuna jiko la makaa karibu. Alichuja dizeli kwa kitambaa safi, akalijaza tangi, akahakikisha kitundu cha kifuniko hakijaziba. Tangi lisipovuta hewa kwa juu, dizeli haishuki chini.

Pili, aliweka kopo chini ya filta, akalegeza kwa spana ile skrubu ndogo iliyo juu yake, mzunguko mmoja tu. Povu likatoka likichuruzika. Alingoja mpaka dizeli ikatoka safi bila mapovu, akakaza skrubu dizeli ikiwa bado inatiririka. Ukikaza baada ya mtiririko kukatika, upepo unarudi.

Tatu, alifanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu. Kila mara huanzia upande wa tangi kuelekea kwenye nozeli, si kinyume, kwa maana upepo hufukuzwa mbele.

Nne, alilegeza kidogo nati ya bomba la chuma pale linapoungana na nozeli. Aliuweka wenzo wa mafuta mahali pa kuwashia, akainua ule wenzo wa kuachia mbano, akanizungushisha hendeli polepole. Mapovu yakatoka, kisha matone matupu. Akaniambia niache kuzungusha, ndipo akakaza nati.

Hapo ndipo kijana mmoja aliponyoosha kiganja ili ahisi kama dizeli inatoka. Mjomba alimpiga mkono kofi! "Wataka kukatwa kidole wewe?"

Wenzangu, hili mlishike. Dizeli yenye presha hupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo, pengine haliumi sana mwanzoni, lakini mafuta huendelea kuharibu nyama ndani. Mtu akipatwa na hayo, asingoje maumivu wala asijikande kwa maji moto. Aende hospitali mara moja na amwambie daktari wazi kwamba ni dizeli ya presha iliyopenya. Tena usilegeze bomba injini ikinguruma, hata ukiona fundi fulani akifanya hivyo. Na magari ya kisasa ambayo presha yake hupita mara 1,000 ya hewa si ya kujaribia. Fuata kitabu cha gari au mwite fundi aliyesomea.

Mwisho, tulifuta dizeli yote iliyomwagika. Ile ya kwenye kopo hatukuimwaga mtaroni, kwa kuwa maji ya milima yetu hunywewa na wengi walio chini. Mjomba akarudisha mkanda, akashika hendeli kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, maana hendeli ikirudi nyuma huvunja gumba. Akazungusha, akaangusha wenzo wa mbano. Tu! Tu! Tu-tu-tu-tu! Akina mama wakapiga vigelegele.

Ukiona upepo unarudi kila siku ilhali tangi limejaa, tafuta washa iliyochakaa, mpira uliopasuka au nati iliyolegea. Pale ambapo pampu hufyonza, ufa mdogo unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone la dizeli.

Nyanya yule alisagiwa wa kwanza. Nikambebea debe lake mpaka nyumbani kwake, na njiani nikamwambia ukweli kuhusu tangi. Alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, kutazama ni bure, kutotazama ndiko kwenye bei." Wahenga nao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta huo kwa mabega yangu mwenyewe, nanyi msinifuate huko. Kwaherini, tukijaliwa tuonane katika toleo lijalo.