Kansa Haingoji Miezi Miwili



Mara nyingi katika ukurasa huu nazungumza habari za mshahara, kilo za chai na nyumba za kambi. Leo naomba tuzungumze habari za hospitali, kwa sababu mwenzetu mmoja alipoteza kazi kwa kosa la kwenda kutibiwa.

Dada huyu alikuwa mchumaji chai upande wa Fort Portal, na kadi ya chama alikuwa nayo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2018 alianza kutokwa damu isiyo ya kawaida. Alikwenda zahanati mara nne, na mara zote nne alipewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyempima. Mwisho wa mwaka alipofika hospitali kubwa, aliambiwa ana kansa ya mlango wa kizazi na kwamba anahitaji kutibiwa kwa mionzi Kampala. Safari hiyo ni karibu kilomita 300.

Matibabu ya mionzi si kama kumeza kidonge na kurudi nyumbani. Mgonjwa hupewa mionzi kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hata saba. Haifai kukatiza katikati, maana ugonjwa hupata nafasi ya kukua tena. Ongeza siku za vipimo na siku za kungoja zamu, utaona miezi miwili imekwisha.

Sasa tazama sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka hivi: mfanyakazi akiugua, mwezi wa kwanza hulipwa mshahara wake wote. Mwezi wa pili ukiisha naye bado mgonjwa, mwajiri anayo ruhusa ya kuvunja mkataba. Dada yetu aliandikiwa barua katika wiki ya tisa. Yeye alikuwa bado Kampala, na barua ilipokewa kambini na mumewe.

MASHINE ILIYOKUFA

Wenzetu wengine husema kosa lote ni la madaktari. Mimi nasema tuyajue mambo kwanza.

Taasisi ya Kansa ya Uganda iko Mulago, Kampala. Ilianzishwa mwaka 1967, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutibu watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958. Tangu zamani imejulikana ulimwenguni, na wagonjwa huja hata kutoka Rwanda, Kongo na Sudani Kusini.

Lakini kwa miaka mingi nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 34, ilitegemea mashine moja tu ya mionzi, iliyowekwa mwaka 1995. Mwaka 2016 mashine hiyo ilikufa, haikutengenezeka tena. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Wenye fedha walikwenda nje kwa gharama zao. Maskini wengi walibaki kungoja. Mashine mpya ilizinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018, na baadaye nyingine zimeongezwa.

Mashine ile ilikuwa ya kobalti. Kobalti hupungua nguvu yenyewe hata usipoitumia. Ikipita miaka mitano na miezi michache, nguvu iliyobaki ni nusu, na mgonjwa hulazimika kulala chini ya mashine muda mara mbili ili apate kipimo kile kile. Kwa hiyo lazima ibadilishwe kwa wakati. Tena mashine mpya haiwekwi popote, inataka chumba chenye kuta nene za zege, na kujenga chumba hicho huchukua muda mrefu.

Fundi yeyote wa kiwanda cha chai anaelewa neno hili. Mashine ya kukaushia majani ina siku zake za kufungwa na kusafishwa, na fedha za vipuri hutengwa kabla haijaharibika. Anayengoja mpaka isimame hupoteza chai. Hospitali ikingoja hivyo, hupoteza watu. Wauguzi na mafundi wa mionzi ni wafanyakazi kama sisi. Ndio waliosimama mlangoni kuwaeleza wagonjwa jambo ambalo hawakulisababisha wao.

MATENGENEZO YANAYOTAKIWA

Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kuipa Taasisi mamlaka yake yenyewe. Serikali pia imetangaza mpango wa vituo vya kansa mikoani, kama Mbarara, Gulu, Mbale na Arua. Mambo hayo tunayaunga mkono, kwa kuwa mgonjwa akitibiwa karibu na kwake hufika mapema. Lakini jengo jipya litamsaidia nini mchumaji chai anayeogopa kwenda kwa sababu akirudi hatakuta kazi?

Sheria ni kiwango cha chini. Mkataba wa chama na mwajiri unaweza kuzidi hapo. Katika mazungumzo yajayo kila tawi lidai haya:

1. Mfanyakazi mwenye kansa asiachishwe kazi mpaka daktari wake aandike kwamba matibabu yamekwisha.

2. Mwajiri alipe nauli ya kwenda na kurudi, na posho ya chakula kwa siku zote za mionzi.

3. Kila mwanamke apewe siku ya kupimwa mlango wa kizazi bila kukatwa mshahara. Kansa hii ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Uganda, na ikigunduliwa mapema hutibika.

La nne ni letu wenyewe wazazi. Tangu mwaka 2015 wasichana wa miaka kumi huchanjwa bure dhidi ya kansa hii nchini Uganda. Tusiwafiche watoto siku ya chanjo.

Dada yetu alimaliza matibabu, kwa sababu wanachama walichanga fedha za chumba na chakula chake Kampala. Leo yu hai. Anauza mandazi karibu na lango la shamba alilolichumia chai miaka kumi. Kazi yake hatukuweza kuirudisha, kwa maana mkataba wetu wa wakati ule haukuwa na neno hata moja juu ya ugonjwa wa muda mrefu. Makatibu wa matawi, fungueni mikataba yenu jioni hii mwone kama wenu unalo.

Umoja ni nguvu.