Mafuta yenye punje yasikugombanishe na mwenye kioski

UMEWAHI kufungua mkebe wa mafuta ya kugandа, yale ya kupikia chapati na mandazi, ukakuta yamefanya punje kama za uji uliopikwa vibaya? Siku ulipoyanunua yalikuwa laini. Leo ukiyafikicha vidoleni yanakwaruza.

Kwa mkazi wa Mukuru kwa Njenga hili si jambo geni. Nyumba nyingi huko ni za mabati. Jua la mchana hugeuza chumba kuwa tanuri, na usiku wa mwezi Julai baridi hupenya hadi mifupani. Mafuta huyeyuka kidogo, yakaganda, kesho yakayeyuka tena. Mama wa chapati hushuku ameuziwa mafuta yaliyochanganywa na kitu kingine. Mwenye kioski naye huapa kwamba aliyachota katika mkebe uleule wa kilo 2, ambao ukiisha utakuwa gorogoro ya kupimia mahindi. Yamkini, mpenzi msomaji, wote wawili wanasema kweli.

Mafuta yanapopoa, molekuli zake hujipanga safu safu na kufanya fuwele, yaani vipande vyenye mpangilio maalum kama vile vya chumvi. Ajabu ni kwamba molekuli hizo hizo zaweza kujipanga kwa namna tatu kuu, ambazo wataalamu huziita alfa, beta-prima na beta. Fikiria mitungi kwenye foleni ya maji. Yaweza kuachwa ovyo ovyo, yaweza kusogezwa karibu karibu, au ikabanwa kabisa. Mitungi ni ileile.

Kiwandani mafuta hupozwa upesi huku yakikorogwa, ndipo yakapata fuwele ndogo ndogo za beta-prima. Huo ndio ulaini unaoujua. Lakini yakiyeyuka nusu na kuganda polepole, hasa yale ya mawese, baadhi ya molekuli hujibana katika beta na fuwele zikakua hadi ulimi unazihisi.

Je, haya yamejulikanaje ilhali hakuna jicho linaloweza kuona molekuli? Ni kwa eksirei, miale ile ile inayopiga picha mfupa uliovunjika. Mjerumani Röntgen aliigundua mwaka wa 1895. Baadaye Waingereza wawili, William Henry Bragg na mwanawe Lawrence, walionyesha jinsi miale hiyo inavyofichua mpangilio ulio ndani ya fuwele. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1915, mwana akiwa na miaka 25 tu! (Wanafunzi, mpo?)

Katika maabara, mafuta kidogo tu huwekwa mbele ya mwale. Miale hutawanyika kwa pembe zinazotegemea nafasi iliyoko kati ya safu na safu. Alfa huonyesha nafasi ya nanomita 0.42 hivi, beta-prima 0.38 na 0.42, nayo beta 0.46. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Zamani, kufuatilia mabadiliko hayo kadiri mafuta yanavyopoa kulihitaji mitambo mikubwa kama uwanja wa kandanda. Siku hizi zipo mashine zinazotosha chumbani.

Kipimo hicho hakimwondolei lawama kila mchuuzi. Huonyesha mpangilio wa mafuta. Kama yamechakachuliwa ni vipimo vingine vitakavyosema. Na mafuta yaliyovunda utayajua kwa harufu. Hayo yatupe.

Lakini yakiwa na punje tu na harufu yake ni njema, yapike. Kwenye kikaango fuwele zote huyeyuka, na chapati haitajua tofauti. Keki ndiyo itakayokusumbua, kwa maana mafuta yenye punje hayashiki hewa vizuri unapoyapiga pamoja na sukari. Basi yayeyushe yote hadi yawe maangavu kabisa, kwa sababu fuwele chache zikibaki huwa mbegu ya nyingine. Kisha weka sufuria ndani ya karai la maji baridi, ukoroge bila kupumzika hadi yagande.