Kukata Kisiwa cha Britania kwa Miguu: Panda Shuka za Maili 874

Katika ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Britania kuna mahali paitwapo Land's End, yaani Mwisho wa Nchi, ambapo majabali hukatika ghafla yakaingia baharini. Katika ncha ya kaskazini-mashariki, huko Uskoti, kuna kijiji kidogo kiitwacho John o' Groats. Baina ya mahali hapo pawili, kwa njia ya barabara, ni maili 874, yaani kilometa 1,407 hivi, umbali uzidio ule wa kutoka Kampala hadi bandari ya Mombasa. Kila mwaka wapo watu ambao hawakuamriwa na mkubwa yeyote, wala hawalipwi ujira wowote, waamuao kuutembea umbali huo wote kwa miguu yao. Wachache huishika barabara kuu, wakamaliza kwa muda wa wiki chache. Wengi huikwepa lami, wakapita njia za pwani, za mabonde na za milimani, na kwa sababu hiyo safari yao hurefuka ikakaribia maili 1,200, ikawachukua miezi miwili au mitatu.

Askari aliyezoea mwendo wa mguu aweza kutabasamu asikiapo habari hizo, kwa kuwa milima ya Britania si mirefu. Ben Nevis, ambao ndio mlima mrefu kupita yote kisiwani humo, una kimo cha meta 1,345 tu. Jiji la Kampala lenyewe limejengwa penye kimo cha karibu meta 1,200, na mkazi wa Kabale hulala kitandani mwake mahali palipo juu kuliko kilele cha Ben Nevis. Basi ni kitu gani kiwashindacho watu wazima, wenye afya na chakula cha kutosha, hata wengi wao wakarudi nyumbani kabla ya kufika nusu ya njia?

VILIMA VISIVYO NA MAJINA

Jibu la kwanza hupatikana katika wiki ya kwanza. Mtu aanzaye safari Land's End kwa kawaida hufuata njia ya pwani ya Cornwall. Njia hiyo ni sehemu ya ile njia ndefu ya pwani ya kusini-magharibi, yenye maili 630, ambayo mipando yake yote ikijumlishwa hupata kiasi cha meta 35,000, yaani kama kuupanda mlima Everest mara nne kuanzia usawa wa bahari. Hata hivyo hapana mlima wowote katika pwani hiyo. Kilichopo ni vijito. Kila kijito kiendacho baharini kimejichimbia bonde lake, na kila bonde lamtaka msafiri ashuke mpaka penye maji, avuke, kisha apande tena genge la ng'ambo, ambalo juu yake huliona bonde jingine likimngoja. Hufanya hivyo mara nyingi kwa siku moja, hali akibeba shanta yenye hema, chakula na nguo.

Watu huogopa kupanda. Lakini kiharibucho mwili zaidi ni kushuka. Mtu apandapo hupumua kwa nguvu na moyo humwenda mbio, naye akipumzika kidogo hupata nafuu. Ashukapo, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuuzuia mwili usiporomoke, huku ikivutwa. Na kazi ya namna hiyo huipasua misuli vipande vidogo vidogo ambavyo maumivu yake hayasikiki siku ile, bali siku ya pili. Magoti nayo hupokea uzito wote wa mwili na wa shanta. Vidole vya miguu husukumwa mbele vikagonga ncha ya buti, kucha zikawa nyeusi. Ndiyo sababu wajuzi wa mwendo hukata kucha fupi kabla ya safari, hukaza kamba za buti waanzapo kuteremka, na huvaa soksi za sufu ambazo hata zikilowa hazipotezi joto lote.

Malengelenge ni habari ya peke yake. Mzee wa kazi hasubiri lengelenge litokee. Asikiapo joto dogo kisiginoni husimama papo hapo, hata kama wenzake wananung'unika, akavua buti, akakausha mguu na kubandika plasta. Lengelenge dogo huachwa lilivyo. Kubwa lisilovumilika hutobolewa pembeni kwa sindano iliyosafishwa vema, maji yakatoka, lakini ngozi ya juu haibanduliwi, kwa kuwa ngozi hiyo ndiyo kifuniko bora kuliko kitambaa chochote. Wake wa askari ambao waume zao hurudi kutoka mazoezini na visigino vilivyochunika watalijua jambo hili bila kuelezwa zaidi.

WALIOANZA 700, WALIOFIKA 138

Watu wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu kuwa waliumaliza mwendo huo wote kwa mguu ni ndugu wawili, John na Robert Naylor, waliotembea mwaka 1871, wakianzia John o' Groats na kuelekea kusini. Waliwekeana masharti ambayo yangewashangaza vijana wengi wa leo: kutopanda chombo chochote, kutokunywa pombe, kutovuta tumbaku, na kila Jumapili kutotembea, bali kuhudhuria ibada mara mbili. Tena walisafiri majira ya vuli, siku zikizidi kuwa fupi. Kwa msomaji aishiye karibu na Ikweta, ambaye jua lake huchomoza na kuchwa saa zile zile mwaka mzima, jambo hili lahitaji maelezo. Huko kaskazini mwa Uskoti, mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa nne za usiku. Mwezi wa Desemba huchwa yapata saa tisa na nusu za alasiri. Atembeaye katika vuli hunyang'anywa dakika kadhaa za mwanga kila siku ipitayo. John Naylor aliichapa habari ya safari yao mwaka 1916, miaka 45 baadaye.

Lakini mwaka uliozijulisha habari za mwendo huo kwa watu wote ni 1960. Mnamo Januari mwaka huo mama mmoja mzaliwa wa Urusi, Dakta Barbara Moore, ambaye hakula nyama, alitoka John o' Groats katikati ya baridi, akafika Land's End baada ya siku 23. Magazeti yalimfuata kila hatua. Tajiri mmoja mwenye kambi za mapumziko, Billy Butlin, alipoona jinsi watu walivyovutwa na habari hizo, alitangaza mashindano ya njia ile ile, yenye zawadi za fedha. Mwisho wa Februari watu zaidi ya 700 walikusanyika John o' Groats, wanaume na wanawake, vijana na wazee, wengi wao wakiwa hawajapata kutembea hata maili 20 kwa siku moja.

Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya hamu na matayarisho. Njia ilikuwa ya lami, na lami haina panda shuka kubwa. Lakini lami ni ngumu, nayo huupiga mguu mahali pale pale kwa maelfu ya hatua kila saa. Juu yake kulikuwa na mvua na theluji. Mamia walianguka njiani. Waliofika Land's End walikuwa 138, wanawake wakiwa miongoni mwao, na mshindi, James Musgrave, alitumia siku zisizotimia 16. Si haki kuwacheka wale walioshindwa. Hata hivyo mtu yeyote aliyepata kufunza kuruta angaliweza kuwaambia, kabla hawajaondoka, kwamba buti mpya ni adui wa kwanza.

BARIDI ISIYOGANDISHA

Kutoka Land's End msafiri wa njia za mashamba hupita Cornwall na Devon, akavuka mto Severn penye daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1966, akafuata mpaka wa Welisi, kisha akaingia katika milima ya Pennine, ambayo ni uti wa mgongo wa Uingereza. Njia ya Pennine ina maili 268, na mahali pake pa juu kabisa, Cross Fell, ni meta 893. Ni njia yenye historia inayowahusu polisi. Zamani nyika hizo za juu zilikuwa mali ya mabwana wakubwa waliowinda ndege humo, na wafanyakazi wa viwandani walikatazwa kukanyaga. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana walipanda mlima Kinder Scout kwa makusudi wakapambana na walinzi. Watano kati yao walitiwa gerezani. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya mbuga za taifa na njia za miguu, na Njia ya Pennine ikafunguliwa tarehe 24 Aprili 1965, miaka 33 kamili tangu siku ya ghasia. Uskoti imekwenda mbele zaidi: kwa sheria ya mwaka 2003, mtu aruhusiwa kupita karibu ardhi yote na kupiga hema, mradi asiharibu kitu.

Huko juu ardhi ni nyeusi na laini, imejaa maji kama sifongo, na ukungu huteremka ghafla hata msafiri asione buti zake. Hatari yake kubwa si theluji. Mwezi Machi 1964, katika mwendo wa vijana wa skauti uliofanywa milimani humo, mvua na upepo mkali viliwapiga washiriki, na vijana watatu wakafa. Dakta Griffith Pugh, mtaalamu aliyekuwa pamoja na kundi lililoushinda Everest mwaka 1953, aliichunguza habari hiyo, akaonyesha kwamba nguo zilizolowa, zikipigwa na upepo, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuhifadhi joto, na kwamba mtu aliyechoka kabisa hana tena nguvu za kutembea kwa kasi ya kuupasha mwili wake joto. Basi akipunguza mwendo hupoa, na akipoa huzidi kupunguza mwendo. Baridi ya kuua haihitaji kugandisha maji.

Dalili zake ni za kuangaliwa na mwenzake, kwa maana mwenyewe huwa wa mwisho kuzitambua: kutetemeka, kisha kujikwaa, kununa bila sababu, kusema maneno yasiyoeleweka, na hatimaye kuacha kutetemeka, hali ambayo ni mbaya kuliko zote. Atakiwacho mtu huyo ni kukingwa na upepo, kuvuliwa nguo zilizolowa, kuvikwa kavu na kupewa kinywaji cha moto kitamu akiwa bado aweza kumeza vema. Pombe hapewi. Yeyote aliyepata kulala na mvua katika miteremko ya Elgon au Ruwenzori hatadhani kwamba habari hii ni ya Wazungu peke yao.

MOYO NAO HUPANDA NA KUSHUKA

Yuko mwandishi mmoja, John Hillaby, ambaye jina lake lina uhusiano na Afrika ya Mashariki. Mwaka 1964 alichapa kitabu juu ya safari yake ya miguu pamoja na ngamia kaskazini mwa Kenya, mpaka ziwa ambalo siku hizo liliitwa Rudolf na sasa ni Turkana. Baada ya jangwa hilo alirudi kwao, akakata Britania kutoka Land's End hadi John o' Groats, akiziepuka barabara kwa kadiri alivyoweza, na kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1968. Hakudharau nchi ya nyumbani kwa sababu haina simba.

Mwingine ni Ian Botham, mchezaji mashuhuri wa kriketi. Mwaka 1977 aliumia mguu, akapelekwa hospitalini, na humo akapita katika wodi ya watoto waliokuwa wakiugua saratani ya damu. Aliambiwa kwamba baadhi ya watoto aliowaona wakicheza hawangepona. Hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1985 alitembea kutoka John o' Groats hadi Land's End akichangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo, na baadaye alirudia miendo mingine mingi. Katika nchi zenye matibabu kamili, watoto walio wengi sana sasa hupona ugonjwa huo.

Si kila atembeaye ana sababu kubwa kama hiyo, na asiye nayo hupata taabu yake katikati ya safari. Mwanzoni kuna hamu. Mwishoni kuna harufu ya bahari. Katikati kuna mashamba, ng'ombe, nyua za kuruka, na mvua ya siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya tatu mtu hutia mguu wake katika soksi ya jana iliyolowa, na tendo hilo dogo huwarudisha nyumbani watu wengi kuliko jabali lolote. Waliosalia huokolewa na mambo madogo vilevile: kikombe cha chai katika duka la kijiji, bahasha iliyotumwa na jamaa ikingoja posta na ndani yake ramani za mbele na soksi kavu, au jua la nusu saa. Katika nyanda za juu za Uskoti, wakati wa kiangazi, kuna visubi wadogo wasiohesabika ambao huwauma wasafiri jioni kila upepo unapotulia. Huko watu huombea upepo ambao wiki iliyopita waliulaani.

Sehemu ya mwisho, baada ya mji wa Inverness, hufuata pwani ya mashariki, na karibu na mwisho nchi huwa tambarare, yenye miti michache mno. John o' Groats yenyewe, ambayo yasemekana ilipewa jina la Mholanzi Jan de Groot aliyeendesha kivuko huko mwishoni mwa karne ya 15, ina nyumba chache, gati, na nguzo yenye vibao vya kuonyesha masafa. Ng'ambo ya maji vyaonekana visiwa vya Orkney. Wala si ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa. Ncha hiyo ni Dunnet Head, mwendo wa saa chache upande wa magharibi, na wasafiri wachache huwa na ari ya kwenda kuitazama. Aliyefika hupigwa picha penye nguzo, hunywa chai, akakaa juu ya ukuta akitazama buti zake. Kisha hupanda basi hadi mji wa Wick, na hapo hupata gari moshi limrudishalo Inverness kwa muda uzidio kidogo saa nne, akipitia dirishani sehemu za ile nchi iliyomchukua wiki nzima na zaidi kuimaliza.