Jina la Kwanza la Uhura

Mashabiki wa Star Trek wakikutana, salamu huwa fupi. Mkono wa kulia hunyanyuliwa, vidole vikagawanywa viwili viwili na kidole gumba kikaachwa peke yake, kisha maswali yanaanza. Jiwe la kaburi alilochimbiwa Kapteni Kirk lina herufi gani katikati ya jina? Anayejua huanza kutabasamu kabla swali halijaisha. Ni R. Katika sehemu iitwayo "Where No Man Has Gone Before", Gary Mitchell, rafiki wa Kirk aliyepata nguvu za kutisha, anamwandalia mwenzake kaburi na kulisimamishia jiwe lenye jina James R. Kirk. Baadaye kapteni huyohuyo akawa James T. Kirk, na T ikaja kufafanuliwa kuwa ni Tiberius.

Jibu la kawaida ni kwamba watayarishaji walibadili mawazo. Shabiki halikubali jibu hilo, kwa sababu linatoka nje ya hadithi. Yeye anataka jibu la ndani. Pengine R ilikuwa utani wa marafiki wawili tangu walipokuwa masomoni, au Mitchell aliyejifanya mungu hakuwa anajua yote kama alivyodai. Watu wamekesha juu ya herufi hiyo moja, na mimi siwaoni kuwa wamepoteza muda. Wanafanya kile wanachofanya wazee wanaojua nasaba: ukoo ukiwa na mtu asiyeelezeka, hawamfuti, wanatafuta mahali pa kumweka.

Mila hii ilizaliwa katika uhaba. Kipindi hicho cha televisheni kilianza kurushwa na NBC nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966, kikakoma Juni 1969 kikiwa na sehemu 79 tu. Wakati huo hapakuwa na kanda za video majumbani. Ukikosa sehemu, umeikosa hadi itakaporudiwa, kama itarudiwa. Kwa hiyo mwenye kumbukumbu nzuri alikuwa ndiye maktaba ya wenzake. Bjo Trimble, ambaye pamoja na mumewe John aliongoza kampeni ya barua iliyowafanya wakubwa wa NBC watangaze mwaka 1968 kwamba kipindi kitaendelea, alitoa pia kitabu cha kumbukumbu chenye majina ya wahusika, sayari na vifaa, sehemu kwa sehemu. Na mashabiki walipoitana New York Januari 1972, katika hoteli ya Statler Hilton, waandaaji walitarajia mamia. Wakaja watu zaidi ya 3,000. Kipindi kilikuwa kimezimwa karibu miaka mitatu.

Lakini chemsha bongo ni mlango tu. Ukishaingia ndani, mazungumzo yanahamia kwenye mapenzi: nani alimpenda nani, na kwa nini hakusema.

Hapo napo kuna uhaba uleule. Televisheni ya enzi zile ilitaka kila sehemu ijitegemee, mtazamaji aweze kuanza popote. Matokeo yake, Kirk anapenda Alhamisi moja, na Alhamisi inayofuata hana kovu. Mfano mkubwa ni "The City on the Edge of Forever" ya Aprili 1967. Kirk anajikuta New York ya miaka ya 1930, anampenda Edith Keeler, mwanamke anayelisha maskini, kisha anagundua kwamba Edith akiishi, historia yote itaharibika. Gari linakuja. Daktari McCoy anakimbilia kumwokoa, na Kirk anamshika McCoy asifike. Sehemu iliyofuata, kapteni yuko kitini kama kawaida, hakuna hata aliyempa pole. Mashabiki ndio waliomkalia matanga. Kwa zaidi ya nusu karne wameandika hadithi ambamo Kirk anaamka usiku akiwa bado amemshika McCoy mikononi.

Spock wa sayari ya Vulcan naye wamemwandikia zaidi ya wote, maana yeye alikatazwa na malezi ya sayari yake kuonyesha hisia. Muuguzi Chapel alimtamkia mapenzi akiwa amelewa ugonjwa wa ajabu katika "The Naked Time". Leila Kalomi alipata naye alasiri chache za furaha, kwa sababu tu spora za maua zilikuwa zimemlegeza. Kisha "Amok Time", Septemba 1967, ikafichua kwamba watu wa Vulcan hupatwa kila miaka saba na homa ya kuoana au kufa, na kwamba Spock alichumbiwa na T'Pring tangu utotoni. Sehemu hiyo moja, ambayo pia ndiyo ya kwanza kuonyesha ile salamu ya vidole, ililisha vijarida vya mashabiki kwa miaka. Leonard Nimoy, aliyemwigiza Spock, aliitoa ishara hiyo kwenye baraka ya makuhani wa Kiyahudi, aliyoiona sinagogini Boston akiwa mtoto.

Vijarida hivyo vilikuwa kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa. Cha kwanza, Spockanalia, kilitoka mwaka 1967 kipindi kikiwa bado hewani. Hadithi ziligongwa kwa taipureta, zikachapwa kwa mashine ya kudurufu, zikabanwa kwa pini na kutumwa kwa posta. Mwaka 1974 mwandishi mmoja wa Australia alichapisha hadithi fupi ya wapenzi wawili bila kuwataja majina, na wasomaji wakatambua kuwa ni Kirk na Spock. Tangu hapo alama ya mkwaju kati ya majina mawili ikawa na maana yake: mkwaju ni mapenzi. Wenye kutaka urafiki tu waliweka alama ya "na". Uungwana ulikuwa kumwonyesha msomaji mapema anaingia nyumba ipi.

Na jumuiya ilijua kujikosoa. Mwaka 1973 Paula Smith aliandika hadithi fupi kuhusu Luteni Mary Sue, binti wa miaka kumi na tano na nusu anayeweza kila kitu na kupendwa na kila mtu chomboni, kwa sababu hadithi za namna hiyo zilikuwa zimezidi. Jina hilo leo linatumiwa na watu ambao hawajawahi kuiona Star Trek.

Busu la Kirk na Luteni Uhura lina ubishi wake. Lilionyeshwa tarehe 22 Novemba 1968, na wengi husema lilikuwa la kwanza kati ya Mweupe na Mweusi kwenye televisheni ya Marekani. Wajuzi wanaweka breki: mwaka mmoja kabla, Sammy Davis Jr. na Nancy Sinatra walibusiana mbele ya kamera. Swali lao la pili ndilo linalonigusa zaidi. Katika hadithi, Kirk na Uhura wanalazimishwa na watawala wenye uwezo wa kuendesha miili ya watu kwa nguvu ya akili. Je, hilo ni penzi? Mashabiki wengi wanakataa kulihesabu, na naona wako sahihi. Uhura alikuwa na mtu wake, wanasema, na dalili zilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Ni kweli zipo. Katika "The Man Trap", sehemu iliyorushwa kwanza kabisa, Uhura anamtania Spock amweleze jinsi sayari yake ilivyo jioni mwezi ukiwa mpevu, na Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema hashangai. Wiki iliyofuata Spock anapiga kinubi chake, Uhura anamwimbia wimbo wa kumchokoza mbele ya wenzao, na mdomo wa Spock unacheza kidogo. Ni sekunde chache, ila ukishaoneshwa huwezi kuacha kuziona.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili mambo haya yako karibu zaidi. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na kutokana na neno hilo, likilainishwa mwishoni, likapatikana jina la luteni. Ila katika sehemu zote 79 hakupewa jina la kwanza, na hilo likawa swali kongwe la chemsha bongo. Jibu halikutoka studio. William Rotsler, mchoraji aliyelelewa na jumuiya ya mashabiki, alimwita Nyota katika kitabu cha mwaka 1982. Waandishi wengine wakalichukua, likazoeleka.

Filamu ya mwaka 2009 ndiyo iliyolithibitisha. Kirk kijana anamsumbua Uhura tangu mwanzo ataje jina lake, naye anamnyima. Kisha, Spock akiwa kwenye jukwaa la kusafirishia watu kwenda hatarini, Uhura anamkumbatia na kumbusu, na Spock anamuaga kwa kumwita Nyota. Kirk amesimama pembeni, kinywa wazi. Swali la jina na swali la mpenzi yalijibiwa kwa pumzi moja, na waliosubiri tangu 1966 wakajua ni wao waliojibiwa.

Mimi hurudia sehemu nyingine, "The Changeling". Mashine iitwayo Nomad imefuta akili ya Uhura, na Chapel anamfundisha kusoma upya. Wanafika kwenye neno la Kiingereza la rangi ya buluu, ambalo kwao lina silabi moja tu. Uhura analisoma kwa silabi mbili, kila irabu ikipewa haki yake kama tunavyosoma sisi. Chapel anamsahihisha kwa upole. Uhura anakunja uso, anachoka, na anafoka kwa Kiswahili.