Ua la Kivulini, Mbegu ya Mwangani

Anayenunua pakiti ya mbegu za maua ya kivulini huwa na hesabu moja kichwani: ua lenyewe halipendi jua, basi na mbegu yake isilione jua. Huifukia vizuri, huiweka trei chini ya mwembe au nyuma ya nyumba pasipofika mwanga, humwagilia asubuhi na jioni, na baada ya mwezi huambulia udongo mtupu wenye ukoga wa kijani. Lawama humwangukia muuza mbegu. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki, maana mbegu ndogo huzeeka upesi kwenye rafu za duka lenye joto. Lakini mara nyingi zaidi kosa limo ndani ya ile hesabu. Kivuli anachokipenda mmea uliokomaa hakitoshi kutuambia mbegu yake inataka nini. Ukitaka kukisia, imwage mbegu kiganjani uitazame ukubwa wake.

Chukua Saintpaulia, lile ua dogo la rangi ya urujuani linalokaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika eneo la Usambara, alilipeleka kwao kwa baba yake, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kisayansi. Wasambaa, bila shaka, walikuwa wakipita kando yake miaka mingi kabla ya baroni huyo kuzaliwa. Mwaka 2015 wataalamu wa uainishaji waliliingiza ndani ya jenasi ya Streptocarpus, uamuzi ambao wauza maua wengi wameupuuza. Ndugu zake wako Uluguru, Nguru, vilima vya Taita, na hata kwenye miamba ya chokaa ya pwani ya Kenya. Ni ua la kudumu, na ni la kivulini kwelikweli: jua la saa sita huyaunguza majani yake. Lakini angalia linapoishi. Makao yake hasa ni uso wa jabali, mwanya wa mwamba, ukingo wa kijito wenye kuvumwani na unyevu. Sakafu ya msitu, pale majani makavu yanapoanguka na kurundikana mwaka mzima, si mahali pake, na sababu imo ndani ya mbegu. Ina urefu wa takriban nusu milimita, nyepesi kama vumbi la ugoro. Mbegu kama hiyo ikifunikwa na jani moja tu la mti mkubwa, habari yake imekwisha. Juu ya jabali lililosimama wima majani hayatulii, kwa hiyo mbegu hulala wazi, mwangani.

Mbegu kubwa, kama harage, huja na posho yake ya safari. Ina chakula cha kutosha kuusukuma mche gizani sentimita kadhaa hadi ufike juu na kuanza kujitengenezea chakula. Mbegu ya nusu milimita haina posho. Ikiamka ikiwa chini ya sentimita moja ya udongo, itaishiwa nguvu njiani. Kwa hiyo kwake kuota ni kamari, na mwanga ndio unaoiambia kama iko karibu na uso wa ardhi, kwani udongo huruhusu mwanga kupita milimita chache tu. Mwaka 2000 watafiti Milberg, Andersson na Thompson walilipima jambo hili kwa spishi 54 za mimea, na matokeo yao yalikuwa kwamba kadiri mbegu inavyokuwa kubwa ndivyo inavyoutegemea mwanga kidogo ili kuota.

Chombo cha kupimia mwanga huo kinajulikana tangu miaka ya 1950. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville, Maryland, Borthwick, Hendricks na wenzao walizilowesha mbegu za letasi, ile tunayoiita saladi, wakazimulika kwa zamu. Mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 660, uliziamsha. Mwanga wa wekundu wa mbali, karibu nanomita 730, ambao jicho la binadamu huuona kwa shida, ulizilaza. Walipobadilisha mara nyingi, wekundu, wekundu wa mbali, wekundu tena, mwanga wa mwisho ndio ulioamua. Matokeo hayo yaliyotolewa mwaka 1952 yalifungua njia ya kugunduliwa kwa fitokromu, protini inayogeuka baina ya maumbo mawili mithili ya swichi ya taa. Umbo moja huuambia mche uliomo mbeguni uinuke, jingine huuambia usubiri.

Hapo ndipo mwembe unapoingia. Majani mabichi hula mwanga mwekundu, ila wekundu wa mbali huuachia upite. Katika mwanga wa jua la wazi, mwekundu huzidi kidogo ule wa mbali. Chini ya miti iliyoshonana, wa mbali huuzidi mwekundu mara kadhaa. Kivuli cha majani, kwa hiyo, kimepungua mwanga na pia kimebadilika rangi, na kwa mbegu nyingi zenye kusoma rangi hizo ujumbe wake ni kwamba juu kuna washindani, lala. Kivuli cha ukuta ni kitu kingine. Kivuli cha baraza, cha kitambaa cheupe au cha neti nyeusi ya kitaluni hupunguza mwanga bila kuunyang'anya wekundu wake kwa namna hiyo. Mkulima anayeona vivuli vyote ni sawa kwa sababu vyote vinampoza kichwa anaihukumu mbegu kwa ngozi yake.

Mtu atauliza, na ni swali la haki: kama kivuli cha majani kinazilaza mbegu, Saintpaulia imeishije msituni miaka yote hiyo? Jibu la kwanza ni kwamba spishi hazilingani katika ukali wa swichi hiyo. Zipo zinazozimwa na wekundu wa mbali kidogo tu na zipo zisizojali sana. La pili ni kwamba msitu wa milimani haufunikwi kwa usawa. Jabali na kijito huacha uwazi, mwanga wa mbingu huingia kwa ubavu, na vipande vya jua hupita haraka sakafuni mchana kutwa. La tatu ni hesabu ya uzazi: tunda moja huwa na mbegu nyingi, na mmea unaoishi miaka kadhaa hauhitaji zote ziote. Msitu unaweza kumudu hasara hiyo. Mwenye pakiti moja ya mbegu hana anasa hiyo.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwa mimea yenyewe, maana si maua yote ya kivulini yanayotaka mwanga. Clivia ya misitu ya Afrika Kusini, yenye majani mapana kama mikanda na maua ya rangi ya chungwa, huzaa mbegu kubwa kama punje ya mbaazi au zaidi, yenye nyama na maji. Hii haihitaji kubembelezwa kwa taa. Hubonyezwa nusu kwenye udongo laini na huota, mradi isiachwe ikauke. Scadoxus multiflorus, ule mpira wa maua mekundu unaochomoza ardhini mvua zinapoanza, nao huzaa mbegu za nyama. Mifano hii miwili haivunji hoja. Inaitilia nguvu, kwa kuwa mimea hii na Saintpaulia yote hupenda kivuli, ila inatofautiana kwa ukubwa wa mbegu. Mfano unaosumbua ni Cyclamen persicum wa mashariki ya Mediterania. Mbegu yake si kubwa kama ya Clivia, na bado mwanga huizuia kuota. Sharti ikae gizani. Huenda ni kwa sababu nchi za kiangazi kirefu huupa mche hatari nyingine kuu, kukauka juu ya ardhi, kuliko hatari ya kuzikwa. Vyovyote iwavyo, ukubwa wa mbegu ni kanuni yenye vighairi, si sheria. Hata hivyo inakosea mara chache kuliko ile ya kuuliza kama mama yake anapenda jua.

Mbegu ndogo isiyofunikwa ina adui mmoja mkubwa, ukavu, na ndiye anayewafanya watu waifukie. Tiba yake si udongo. Impatiens walleriana, ua la misitu ya Kenya hadi Msumbiji ambalo mwaka 1882 mimea yake iliyotoka Zanzibar ilipewa jina la sultanii kwa heshima ya Sultani, lina mbegu takriban 2,000 kwa gramu, nalo huota vizuri zaidi likipata mwanga. Wazalishaji wakubwa huzifunika mbegu hizo kwa tabaka jembamba la vamikulaiti, punje nyepesi za madini zinazoshika maji na kupitisha mwanga kiasi. Nyumbani, kipande cha nailoni angavu juu ya trei hufanya kazi ileile. Vumbi la begonia au Saintpaulia huchanganywa na mchanga mkavu uliochekechwa ili litawanyike, hunyunyizwa juu ya mchanganyiko laini wa mboji na unga wa makumbi ya nazi, kisha hubonyezwa kwa ubao bila kufunikwa. Maji hutoka chini: trei huwekwa ndani ya beseni hadi uso wa udongo ubadilike rangi. Ukimimina kwa kopo, mbegu zote zitakusanyika pembe moja. Mwanga unaotakiwa ni ule wa barazani, si wa jua kali, kwa sababu nailoni iliyopigwa na jua la saa nane hugeuza trei kuwa tanuri. Miche ikishaonekana, baada ya wiki mbili hadi nne kwa Saintpaulia, nailoni ifunguliwe kidogo kidogo. Unyevu uliofungiwa ndio mazalia ya kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaokata shina kwenye usawa wa udongo na kuiangusha miche kwa usiku mmoja.

Atakayesema kazi yote hii ni ya nini, ilhali jani moja la Saintpaulia likichomekwa mchangani hutoa mimea mipya, amesema kweli kuhusu wepesi. Jani huleta ua mapema na karibu kila mara huleta lilelile. Aina yenye jina ambayo mtu anataka kuihifadhi, aizalishe kwa jani, kwa sababu mbegu yake haitarudia sura ya mama. Lakini tofauti hizo za sura tunazozisifu zilitoka wapi? Mwaka 1926 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche mingi, ikaichuja hadi ikabaki na 10 iliyoonekana kuwa bora. Aina hizo 10 ndizo zilizoanzisha biashara ya ua hili nchini Marekani. Jani la aina yoyote kati ya hizo lingewapa tena aina ileile. Na kwa ua ambalo spishi zake kadhaa za porini zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu, mimea mia iliyotokana na jani moja ni mmea mmoja uliorudiwa mara mia: ugonjwa unaouweza mmoja unaiweza yote.

Mbegu hizo zitoke bustanini, si jabalini. Poleni huhamishwa kwa ncha ya brashi kutoka ua hadi ua, tunda huachwa juu ya mmea kwa miezi minne hadi sita au zaidi mpaka linyauke na kuwa la kahawia, kisha hukaa wiki chache ndani ya bahasha likauke kabla ya kupasuliwa juu ya karatasi nyeupe. Nyeupe, kwa sababu kwenye karatasi ya rangi nyingine hutaziona.